Mtambo wa umeme wa mabaki ya michikichi: tuuweke Mwandiga, Kidahwe au Simbo?

Bint_Simbo (Jumapili, saa 3 usiku)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima na wakamuaji wa mawese huku Simbo, Kigoma. Tuko 53, wengi akina mama. Nina swali ambalo limeninyima usingizi wiki nzima, na baada ya wiki tatu natakiwa kusimama mbele ya kikao nikiwa na jibu.

Amekuja mtu wa mradi. Anataka kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya michikichi, megawati 1. Anasema fedha itapatikana, kazi yetu sisi ni kukubaliana eneo. Kwenye simu yake ana ramani yenye alama nyekundu tatu. Ya kwanza ni Mwandiga, kwa sababu ni njia panda, pana lami na watu. Ya pili ni Kidahwe, kwa sababu kituo cha kupoza umeme wa gridi kiko huko. Ya tatu ni kwetu Simbo, kwa sababu michikichi iko hapa, ila njia za kuingia mashambani ni za udongo na mvua ikikolea hata toyo, pikipiki ya mizigo, inasukumwa na watu wanne.

Yeye anapenda Kidahwe. Wazee wetu wanapenda Simbo kwa sababu ni nyumbani. Vijana wanasema Mwandiga. Kila mmoja ana sababu, na mimi nikiwasikiliza naona wote wana haki.

Ninachokijua kwa macho yangu ni hiki: ukipita nyuma ya kibanda chetu cha kukamulia utakuta lundo la mikungu mitupu, ile iliyokwisha kupukuchuliwa chikichi, limefika kiunoni. Chini inaoza, inatoa maji meusi, inzi hawahesabiki. Kila siku nalitazama lile lundo najiambia huu ni moto uliolala. Ndiyo maana sitaki tukosee. Wenye uzoefu nisaidieni: eneo la mtambo kama huu linachaguliwaje, na mtu kama mimi nitajuaje kama limechaguliwa vizuri?

---

Mwana_Ujiji (Jumapili, saa 4 usiku)

Dada, weka Kidahwe, usisumbuke. Waya wa umeme ni ghali kuliko kitu chochote. Mabaki yanaweza kupakiwa kwenye gari yakaja, lakini kituo cha kupoza umeme hakipakiwi kwenye gari. Sisi wa Kigoma tunajua tulivyoteseka na majenereta ya dizeli mpaka gridi ilipoanza kuingia mkoani mwaka 2022. Sasa gridi imefika, tuikaribie.

---

Fundi_Mvuke (Jumatatu, saa 11 alfajiri)

Marahaba binti. Nimesoma swali lako jana usiku nikalala nalo, nimeamka kulijibu kabla ya kwenda shambani.

Mimi nimekaa mbele ya boila, ile mashine ya kuchemsha maji yawe mvuke, miaka 22. Sasa nimestaafu, nipo Kasulu nalima. Nitakujibu kama mtu aliyekuwa anashika koleo, maana wachora ramani watakuja wenyewe.

Kwanza nimjibu ndugu wa Ujiji kwa heshima. Waya ni ghali kweli, lakini unaununua mara moja. Gari la kubeba mabaki unalilipa leo, kesho na kila siku mpaka mtambo ufe. Halafu megawati 1 haihitaji kukaa mlangoni pa kituo cha kupoza umeme. Umeme wa kiasi hicho unaweza kuingizwa kwenye laini ya kilovolti 33 inayopita njiani, ilimradi shirika la umeme likague na kukubali. Kwa hiyo Kidahwe haina dhambi, ila sababu iliyotolewa haitoshi.

Sasa nikueleze kilichonipata. Miaka ya nyuma nilikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda kimoja mkoani Tabora, cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Jina sitalitaja. Boila halikuwa la umeme, lilikuwa la mvuke wa kupikia mbegu, lakini njaa ya boila ni moja. Wenye kiwanda waliamua tuache kuni tuchome pumba za mpunga. Wazo zuri kabisa, nililifurahia. Eneo lilishachaguliwa zamani: kando ya lami, karibu na mji, karibu na umeme na benki. Mashine za kukoboa mpunga zilikuwa kilomita 60 na zaidi.

Julai ilikuwa raha. Wakati ule mpunga umevunwa, mashine zote zinalia, barabara kavu, magari yanapanga foleni getini kumwaga pumba. Mwenye kiwanda alikuja na wageni kuwaonyesha. Kisha ikaja Desemba, mvua ikashika. Wanaoijua mbuga ya Igunga na Nzega wanajua udongo ule mweusi: gari likizama, linalala hapo mpaka jua litoke. Januari mashine nyingi zilikuwa zimefungwa, mpunga umekwisha kwenye maghala. Zile pumba chache zilizofika zilikuwa zimelowa. Pumba ikilowa haishiki moto, inatoa moshi tu, mvuke unashuka, mkuu wa kiwanda anakuja juu.

Februari yakaanza kuja magogo. Usiku. Mtundu na myombo, mengine manene kiasi kwamba mlango wa jiko haukufunga. Mimi ndiye niliyeyatia motoni kwa mikono hii. Niliona asali inachuruzika kwenye gogo moja, lilikuwa na mzinga ndani. Nilimaliza ule msimu nikaomba kuondoka.

Hakuna aliyekusudia ubaya pale. Eneo lilichaguliwa kwa kutazama Julai, na boila lilitakiwa kula Februari.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa mradi wako liwe hili: mwezi mbaya kuliko yote, mtambo utakula nini na utakitoa wapi? Akikujibu kwa wastani wa mwaka, mrudishe akahesabu upya. Mtambo hauli wastani.

La pili ni ujazo. Watu wanaangalia tani, wanasahau kwamba mabaki ni mepesi na yanajaza gari upesi. Mita moja ya ujazo ya pumba za mpunga ni kama kilo 100 tu. Fuso lenye bodi ya mita 30 za ujazo likijaa mpaka juu, limebeba tani 3. Megawati 1 kwa mtambo mdogo wa mvuke hula takriban tani 33 za pumba kwa siku. Hizo ni safari 11 za Fuso kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na majivu yanabaki, karibu moja ya tano ya uzito. Tani 6 au zaidi za majivu kila siku, nayo yanahitaji pa kwenda.

Ndiyo maana waliofanikiwa nchini ni viwanda vya sukari. TPC Moshi, Kilombero, Kagera, Mtibwa, wote wanachoma makapi ya miwa. Hawakuyatafuta. Muwa unaletwa kiwandani kwa ajili ya sukari, gharama ya gari imeshalipwa na sukari, makapi yanabaki pale pale hatua chache kutoka jikoni. Kampuni ya TANWAT kule Njombe nao ni hivyo hivyo, mtambo wao wa megawati 2.5 ulianza mwaka 1995 katikati ya biashara yao wenyewe ya miti ya miwati.

Sasa niambie binti, lile lundo la kiunoni lina kilo ngapi? Umeshalipima? Na chikichi zikishakamuliwa, makapi na maganda ya kokwa yanakwenda wapi? Kabla hujanijibu hayo, mimi siwezi kukuambia Mwandiga wala Simbo.

---

Mashine_ya_Nzega (Jumatatu, saa 7 mchana)

Mwadila wote. Fundi amesema kweli tupu, mimi niko upande wa pili wa hadithi yake. Nina mashine ya kukoboa mpunga Nzega.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo wenye miradi hawalijui mpaka liwaumize. Mtu akikwambia mabaki ni taka na ni bure, ujue hajauliza. Gunia la mpunga la kilo 100 likipita mashineni kwangu, kama kilo 20 zinatoka pumba ngumu, zile za nje. Zile laini zina wenyewe tangu zamani, wafuga kuku na nguruwe. Pumba ngumu mwaka wa kwanza nilikuwa nalipa vijana waje kuzitoa uani maana zilinizibia njia. Mwaka wa pili wakaja wachoma matofali. Wanapanga tanuri, wanaweka pumba kila tabaka, inawaka taratibu siku kadhaa na tofali linaiva vizuri bila kukata mti. Nikaanza kuwauzia.

Kisha akaja wakala wa kiwanda kutafuta pumba. Bei ikapanda ndani ya mwezi mmoja. Mimi sikuchukia, lakini wale wachoma matofali walirudi porini kukata kuni. Kwa hiyo miti haikupona, ilihamishiwa jiko lingine.

Dada wa Simbo, waulize akina mama wenzako mabaki gani tayari yana kazi. Hayo yatoe kwenye hesabu kabisa. Kinachobaki ndicho cha mtambo. Na kikibaki, kiwekeeni mkataba wa miaka kabla ya kumwaga zege, bei iandikwe na namna itakavyopanda iandikwe.

---

Bint_Simbo (Alhamisi ya pili, saa 2 usiku)

Asante Mzee Fundi, asante kaka wa Nzega. Niliona aibu kidogo kwamba nilikuja na swali bila mizani, nikaona nisijibu mpaka nipime. Nimepima.

Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza dagaa. Nilichukua mikungu 20 kabla haijapukuchuliwa: kilo 286. Sisi huwa tunaiacha siku tatu ilegee ndipo tunapukuchua. Baada ya hapo chikichi zikawa kilo 195 na mikungu mitupu kilo 68. Ukijumlisha zimepungua kilo 23, nadhani ni maji na uchafu.

Mikungu mitupu ile niliipasua kwa panga nikaianika juu ya mabati siku nne za jua kali. Kutoka kilo 68 imebaki 39. Nilishtuka. Yaani karibu nusu ya lile lundo ninaloliita moto ni maji.

Halafu nikafanya alivyosema kaka wa Nzega, nikakaa kibandani kutwa nzima na kuangalia kila kitu kinakwenda wapi. Makapi ya nyuzi baada ya kukamua, mama anayepika chikichi kwenye pipa anayavuta kwa mguu na kuyasukumia jikoni hapo hapo. Hayabaki. Tena hayatoshi, anaongeza kuni. Nilimuuliza, anasema kila siku ya kukamua anaongeza mzigo mmoja wa kichwani, wakati mwingine miwili. Kokwa hatupasui sisi, tunaziuza nzima kwa wanaokamua mise, kile kiini cha ndani, kwa hiyo maganda yanaondoka nazo. Kilichobaki kwetu kweli kweli ni mikungu mitupu peke yake. Na nayo mama mmoja anachukua kidogo, anachoma, majivu yake anapikia sabuni.

Vibanda vya kikundi ni 11. Kwa wiki nzuri kila kimoja kinakamua siku tatu, na kwa siku ni kama tani moja na nusu ya mikungu. Wiki mbaya hata nusu ya hapo hatufiki.

Mzee, nisaidie hesabu. Naogopa kuifanya peke yangu.

---

Fundi_Mvuke (Ijumaa, saa 12 asubuhi)

Binti, kazi uliyoifanya kwa siku hizi chache wapo watu wanaolipwa na hawajaifanya. Tukae tuhesabu pamoja.

Vibanda 11, siku tatu, tani 1.5: inakuja kama tani 50 za mikungu kwa wiki, ndiyo tani 7 kwa siku ukizigawa. Vipimo vyako vinasema mikungu mitupu ni karibu robo ya uzito, na viwanda vikubwa vya mawese navyo hupata asilimia 20 hadi 23, kwa hiyo umepima vizuri. Basi mna kama tani 1.6 za mikungu mitupu kwa siku, ikiwa mibichi.

Megawati 1 kwa mikungu mitupu mibichi, yenye maji zaidi ya nusu, itataka si chini ya tani 75 kwa siku. Kuzipata hizo unahitaji mikungu kama tani 350 kila siku. Tukichukulia hekta moja ya mashamba yetu itoe tani 10 kwa mwaka, hizo ni hekta zaidi ya elfu kumi, zote zikiletwa mahali pamoja. Mlicho nacho ninyi kitatoa kilowati 20 hivi, usiku na mchana. Na hapo nimehesabu kwa huruma, maana boila dogo hupoteza zaidi.

Usivunjike moyo, soma mpaka mwisho.

Kuna tatizo la pili la mikungu mitupu. Majivu yake yana potasi nyingi, ndiyo maana yanafaa kwa sabuni. Potasi hiyo ndani ya boila inayeyuka na kuganda kwenye mabomba kama kioo. Nimewahi kuigonga kwa patasi na nyundo nikiwa nimelala chali ndani ya jiko lililopoa, siku mbili. Maganda ya kokwa ni bora mara kumi: makavu, mazito, yanawaka kama makaa. Lakini ninyi mnayauza pamoja na kokwa.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe bila kujua. Mama anavuta makapi kwa mguu anayasukuma jikoni, na bado anaongeza kuni. Hapo ndipo penye njaa. Kinachokosekana Simbo ni mvuke wa kupikia chikichi, na waya wa gridi hauleti mvuke. Umeme wa kuzungusha mashine ya kukamua mnaweza kuununua.

Ningekuwa mimi, ningemwambia mtu wa mradi hivi: tujengee kwanza kiwanda kimoja kidogo cha kukamulia cha vibanda vyote 11, chenye boila la mvuke linalochoma makapi yetu na maganda. Kokwa tupasue wenyewe, tuuze mise, maganda yabaki. Chikichi zikipikwa kwa mvuke ndani ya boila zuri badala ya pipa lililo wazi, makapi hayo hayo yatatosha na kubaki. Mikungu mitupu irudi shambani ikafunike mashina, potasi irudi ilikotoka. Siku mashamba mapya ya Tenera, ile mbegu bora inayosambazwa kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, yatakapoanza kuzaa kwa wingi na kiwanda kikakua, tabaini ndogo, mashine ya umeme inayozungushwa na mvuke, itapachikwa pale pale kwenye mvuke uliopo. Kila kitu kitakuwa kimeshafika chenyewe.

Eneo sasa linajichagua kwa kitu kingine: chikichi. Chikichi iliyopukuchuliwa inaanza kuharibika, asidi ya mafuta inapanda, na mnunuzi mzuri anaipima. Inatakiwa kupikwa ndani ya siku moja au mbili tangu mkungu ukatwe. Zile siku tatu mnazoiacha ilegee zinawapunguzia bei. Kwa hiyo tafuteni mahali ambapo toyo kutoka kibanda cha mbali kabisa inafika ndani ya saa moja siku ya mvua. Narudia, siku ya mvua.

---

Mchora_Ramani (Ijumaa, saa 10 jioni)

Fundi ameniita nami nimekuja. Kazi yangu ni upimaji na ramani, nimefanya Kigoma na Tabora.

Sina ugomvi na hesabu hizo. Ninachotaka kuongeza ni jinsi ya kuliweka hilo kwenye ramani bila kudanganyika, maana ile simu yenye alama nyekundu inadanganya. Tunaanza kwa kufuta: hifadhi, misitu ya hifadhi, miteremko mikali, ardhi oevu. Kwa mkoa wetu usiguse Gombe na Mahale, wala bonde la Malagarasi na Muyovozi, ambalo liliingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, mwaka 2000, la kwanza Tanzania. Baada ya kufuta ndipo unaweka uzito wa vitu vilivyobaki: barabara, maji, laini ya umeme, makazi.

Kosa kubwa ninalokutana nalo ni kuchora duara. Mtu anachukua bikari, anachora kilomita 20, anasema mabaki yote ya ndani ni yake. Huku kwetu na vilima vyetu, kilomita 5 za ndege zinaweza kuwa 14 za barabara. Pima kwa njia, tena kwa dakika. Bint_Simbo, washa simu mfukoni ukiwa kwenye toyo kutoka kila kibanda, irekodi njia na muda. Nitumie, nitakuchorea bure.

Maji pia msisahau. Mtambo wa umeme wa mvuke unaopozwa kwa mnara hunywa kama mita za ujazo 2 hadi 3 kwa kila megawati kwa saa. Boila la kupikia chikichi nalo linataka maji mapya kila mara, kwa sababu mvuke haurudi, lakini kwa jumla ni maji ya kisima kizuri. Na kukamua mawese kunaacha maji machafu mazito yenye mafuta. Yakielekea kijitoni, samaki wanakufa na majirani watawashtaki. Chagueni mahali penye mteremko mpole na nafasi ya mabwawa mawili matatu ya kuyatuliza, mbali na chanzo cha maji ya kunywa. Moshi nao: simameni hapo asubuhi na jioni mjue upepo unakwenda wapi, kama kuna shule upande huo sogeeni.

Kwenye sheria, kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji peke yake isiwapeni barua mkajiona mmemaliza. Tathmini ya mazingira inapitia chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Umeme ukija kuzalishwa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, unasajiliwa tu, kwa hiyo msilazimishwe kufikia megawati 1 kwa kuogopa makaratasi.

---

Mzee_wa_Uvinza (Jumamosi, saa 4 asubuhi)

Wajukuu zangu, mimi nimeandikiwa na mjukuu, maneno ni yangu.

Uvinza chumvi imechemshwa zaidi ya miaka elfu moja. Wachimba mambo ya kale walikuja wakakuta vyungu na majivu chini ya ardhi. Chemchemi ya maji ya chumvi iko pale ilipo, haihami. Kilichohama ni kuni. Baba yangu alikuwa anakwenda kuzitafuta na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mimi nikiwa kijana, tulikuwa tunatoka na giza, tunarudi na giza. Waliokuja nyuma yangu walikuwa wanalala huko huko porini.

Kwa hiyo namuunga mkono huyu fundi. Moto ukiwekwa mahali, unakaa miaka mingi kuliko waliouwasha. Mjukuu wangu wa Simbo, kabla hamjauwasha, nendeni mkauone msitu wa karibu yenu uko umbali gani sasa, mwandike. Kila mwaka mrudi mkapime. Ukianza kusogea mbali, mtajua boila linaiba.

---

Mwana_Ujiji (Jumamosi, saa 8 mchana)

Nimesoma kila kitu. Nakubali, niliharakisha na Kidahwe. Nina toyo mbili na vijana wa kuziendesha. Dada, ukitaka kupima zile njia, siku moja nawatoa bure, mafuta yangu.

---

Bint_Simbo (Jumatatu ya tatu, saa 3 usiku)

Shikamooni tena.

Mzee wa Uvinza, nimekusomea kwa sauti mbele ya akina mama. Walinyamaza kimya, kisha mmoja akasema hata yeye kuni za kupikia pipa anazifuata mbali kuliko mama yake. Tumeamua msitu wa karibu tuutie alama ya rangi kwenye miti ya ukingoni, miti kumi.

Toyo za kaka wa Ujiji zilikuja jana. Usiku wa kuamkia jana ilinyesha, nikamshukuru Mungu kwa hilo, maana ndiyo hali niliyoitaka. Tumepita vibanda tisa kati ya 11. Mwandiga imekuwa mbali kwa wote isipokuwa vibanda viwili. Kidahwe hakuna aliyefika ndani ya saa moja. Kuna mahali ambapo hapakuwa na alama nyekundu kabisa kwenye simu ya yule bwana, pale njia tatu za mashambani zinapokutana kabla ya kupanda kwenda barabara kubwa. Pana kisima cha zamani, na nguzo za laini kubwa zinaonekana ukisimama juu ya kichuguu. Vibanda saba vimefika hapo ndani ya dakika 40. Kile cha mbali, cha ng'ambo ya kijito, kilichukua saa moja na robo kwa sababu tulishuka kusukuma.

Nimempigia mtu wa mradi, nikamweleza kiwanda kwanza na mvuke kwanza. Alinyamaza, kisha akaniuliza nimepata wapi vipimo. Nikamwambia kwenye mizani ya dagaa. Hajakataa. Anataka nimtumie daftari, na amesema atakuja kikaoni mwenyewe.

Mchora Ramani, njia tisa nimekutumia sasa hivi. Mbili zilizobaki ni Jumatano kama mvua itanyesha, na nikiwa huko nitapima mikungu 20 mingine, maana Mzee Fundi najua ataniuliza kama kipimo kimoja kinatosha.